Namba tasa iliyotutia deni

Asubuhi moja daftari la kompyuta la chama chetu cha wauza mahindi hapa Busia, upande wa Uganda, lilionyesha tunadaiwa shilingi bilioni mbili na ushei. Jana yake tulikuwa matajiri. Mweka hazina, mzee asiyependa mzaha, alinitazama kana kwamba nimezila mimi.

Hakuna aliyeiba. Jumla ya mauzo ya misimu yote ilikuwa imepita 2,147,483,647, na programu ile kuukuu haijui kuhesabu zaidi ya hapo. Ikifika ukingoni inaangukia upande wa hasi. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka hawaufikii upesi ukingo huo, maana shilingi yao moja ni zaidi ya ishirini za kwetu.

Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Programu yetu huandika kila namba katika nafasi 32 za sifuri na moja, nafasi moja ikishikwa na alama ya chanya au hasi. Kwamba ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, hiyo ni bahati tu: zingetumika nafasi zote 32, ukingo ungekuwa 4,294,967,295, nayo inagawanyika kwa 3 na kwa 5.

Euler, mwanahisabati wa Uswisi, ndiye aliyethibitisha utasa wake, mwaka 1772, bila mashine. Mtu mwingine angeigawanya kwa kila namba tasa hadi 46,340. Yeye alijua kwamba kigawanyo chake chochote, ukikigawanya kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Namba za kujaribu hazikufika 400! Mimi hapo huvua kofia.

Oktoba 2024 ilipatikana namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiisoma tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana, utamaliza baada ya siku karibu 475. Hongera zao, ila ya Euler naiandika kiganjani.

Na neno "tasa" linaionea. Anza na 1, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa namba yetu, chukua baki, kisha rudia. Utapitia namba 2,147,483,646, yaani kila moja iliyo chini yake, kabla ya kurudi kwenye 1. Kompyuta nyingi zimetumia njia hiyo kupata namba za kubahatisha. Tasa gani huyo mwenye watoto bilioni mbili?

Daftari tumeshalihamishia kwenye programu mpya. Mzee anauliza kama ya zamani tunaweza kuiuza. Nimemkatalia: saa za kompyuta zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa nafasi zilezile zitafika ukingoni Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, na sitaki mteja atufuate siku hiyo.