Mlakasa Unatosha Mbele ya Nyumba Zetu

Nyumba nyingi zinazojengwa sasa mashariki ya Unguja, kuanzia Paje mpaka Makunduchi, mbele yake huwekwa pevingi, au hupandwa majani yanayotaka kumwagiwa maji kila jioni. Asiyetaka hayo hununua miche ya wedelia, yale maua ya njano yanayotambaa tuliyoyazoea kuyaona hotelini. Mimi nasema mmea unaotufaa tunao siku zote na tunaukanyaga tukishuka pwani. Ni mlakasa, ambao wataalamu wanauita Ipomoea pes-caprae.

Majani yake ni mazito, yanang'aa, na ncha yake imegawika pande mbili. Maua ni ya zambarau inayoelekea waridi. Yanafunguka asubuhi, nyuki wanayafuata, na jua likishakuwa kali yanasinyaa. Kesho yake yanafunguka mengine. Mwaka mzima umevaa kijani. Januari na Februari, kaskazi inapovuma na ardhi ya maweni imekauka kabisa, mlakasa bado uko hai na hakuna aliyeumwagia ndoo ya maji.

Hapo kwenye maji ndipo moyo wangu ulipo. Upande huu hatuna mito. Mvua inazama kwenye mawe ya matumbawe, na maji matamu yanakaa chini huko, tabaka jembamba juu ya maji ya bahari. Pampu zikivuta kupita kiasi, chumvi inapanda na kisima kinaharibika. Kuyatoa maji hayo kwa ajili ya majani ya kupendezesha geti, wakati jirani anabeba madumu, naona ni dhuluma.

Wedelia ni nzuri kwa macho, sikatai, na jua inalistahamili. Lakini asili yake ni Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, na imo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kipande kidogo cha shina kikianguka penye unyevu kinaota. Mtu anapunguza bustani yake, anatupa mabaki nje ya ukuta, na baada ya mvua ile ardhi ya nje nayo imefunikwa, mimea mingine haipati nafasi. Mlakasa nao unakimbia, mita nyingi tu, ila ni wa pwani hii hii na kivuli haukipendi. Ukifika chini ya mwembe unadhoofika wenyewe.

Kuupanda hakuna kazi kwa aliyewahi kupanda marando, maana mlakasa na kiazi kitamu ni ndugu. Kata shina lenye vifundo vinne au vitano, fukia viwili au vitatu mchangani, acha ncha nje. Subiri masika yashike, Machi au Aprili, mvua ndiyo iumwagilie. Mbolea ya nini? Unaota kwenye mchanga mtupu wenye chumvi. Kila kifundo kinachogusa ardhi kinatoa mizizi, na hiyo ndiyo inayoushika mchanga usipeperukie ndani ya nyumba.

Kina mama wengi watauliza nyoka. Hofu hiyo ina haki yake, na ndiyo maana wazee walifagia uwanja ukabaki mweupe. Basi acheni uwanja wa kufagiwa kuanzia mlangoni, njia iwe wazi, mlakasa ukae kandokando ya ukuta na upande wa bahari. Unaovuka mpaka ukatwe. Na usiupande karibu na mchicha, utaulalia.

Jambo moja naliomba sana: mashina ya kupanda msiyakate kwenye tuta la mchanga linalotazama bahari. Mlakasa wa pale ndio unaolishikilia, na mawimbi ya kusi hayana huruma na mchanga ulio wazi. Kateni ule uliotambaa mpaka njiani, unaokanyagwa na baiskeli, nao ni mwingi.