Dundee ina makumbusho ya juti, Tanga ina korona ya mkonge inayonguruma

Watanga tulioko huku Dundee, Uskoti, tunapenda sana kusema, "Wenzetu wanajua kutunza historia." Nakubali nusu.

Dundee iliishi kwa juti, nyuzi za mmea zinazofumwa magunia, iliyotoka Bengal, Bara Hindi. Nyuzi zake ni kavu, haziingii mashineni mpaka zilainishwe kwa maji na mafuta ya nyangumi, na mji ulikuwa na meli zake za kuwinda nyangumi. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake. Mume aliyebaki nyumbani alitaniwa kuwa mchemsha birika. Viwanda vya Calcutta vikawanyang'anya soko, plastiki ikamalizia. Verdant Works, kiwanda cha zamani, ni makumbusho tangu 1996, na mashine huwashwa ili wageni waone. Pazuri, ila kinachoonyeshwa ni kazi iliyokwisha kufa.

Ya Tanga haijafa. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, alileta mkonge 1893; kati ya vichipukizi vilivyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ndivyo vilivyonusurika. Miaka ya 1960 nchi ilivuka tani 200,000 kwa mwaka, kisha plastiki ile ile ikatufikia. Wanaolaumu utaifishaji wa 1967 peke yake wanasahau kwamba bei ilishaporomoka kabla yake.

Sasa mgeni akija Tanga anapelekwa mapango ya Amboni, anaonyeshwa boma la Wajerumani, basi. Barabara ya Muheza hadi Korogwe anapita katikati ya mkonge bila kusimama! Angeshuka, angeona mkataji akianza na majani ya chini, akiondoa mwiba wa ncha, akifunga mzigo wa majani 30. Mzigo huo una siku mbili kufika korona, yaani mashine inayotoa nyuzi kwenye majani. Ukichelewa, utomvu hukauka na nyama ya jani hung'ang'ania singa, yaani nyuzi zenyewe. Korona inaponda na kukwangua kwa maji mengi. Maji yakipungua, singa hutoka na ukijani na daraja hushuka. Kilo 100 za majani hutoa kama kilo 4 za singa. Huanikwa, hupigwa brashi, hupangwa madaraja, hufungwa marobota ya kilo 250. Makapi ni mengi mno, na pale Hale yalijengewa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi yake. Dundee haina cha kulinganisha na hicho.

Mashamba yatoze kiingilio, na anayeongoza wageni awe mzee aliyekata mkonge. Huyo ndiye atakayewaeleza pia habari za manamba, vibarua wa mkataba waliosombwa kutoka Songea, Kigoma na Urundi (Burundi ya leo), jambo ambalo kibao cha ukutani hulipitia juu juu.

Ukitaka kwenda, omba ruhusa ofisi ya shamba mapema na uulize siku hiyo korona inafanya kazi saa ngapi. Vaa viatu vya kufunika na mikono mirefu. Maji ya mkonge yanawasha.