Walioinyamazisha Nyundo Wanastahili Nishani

Ukiingia katika kiwanda chochote cha kusaga nafaka hapa Nairobi na ukataka kujua upesi kama wenyewe wanaujua unga wanaoushughulikia, usianze na vyeti vilivyotundikwa ofisini. Shuka chini, pale silo, lile tangi refu la kuhifadhia unga, inapopungua upana na kuwa kama faneli, kisha ulitazame bati lake. Ukilikuta limejaa vibonyeo vya nyundo, umeshapata jibu: unga hukwama humo, na kila unapokwama mtu hutumwa kuligonga bati hadi unga ushuke.

Nilifanya kazi kwa miaka kadhaa katika idara ya ubora ya kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, ambacho sitakitaja, na mlio wa nyundo hiyo ndio uliokuwa saa yetu. Zamu ya usiku ilikuwa na kijana ambaye kazi yake, kwa kweli, ilikuwa hiyo moja tu. Kilichonishangaza baadaye ni kujua kwamba kugonga kwenyewe ndiko kulikolea tatizo, kwa maana kila kibonyeo huingia ndani na kuwa kikwazo ambacho unga hupata pa kushikilia, na kishindo cha pigo huushindilia unga ukazidi kukazana. Tulikuwa tunaulipa ugonjwa mshahara.

Siku moja akaja mwanafunzi wa uhandisi, binti mtaratibu aliyeletwa kwetu kufanya mazoezi ya kazi kwa miezi mitatu. Wanafunzi wengi wanaokuja hivyo hupewa daftari la kunakili namba na hutumwa chai. Huyu aliomba mzani, kipande cha bati jeusi kama lile la silo, kipande cha chuma kisichoshika kutu, na kipimapembe cha kawaida cha shuleni. Aliweka unga juu ya bati, akaukandamiza kwa uzito mdogo, akaliinua bati upande mmoja polepole, na unga ulipoanza kuteleza akaandika pembe. Alilirudia jambo hilo asubuhi, mchana na usiku, kwa sababu aligundua mapema kwamba unga uliolala kwenye unyevu haukuwa na tabia moja na ule uliotoka mashineni ukiwa bado na joto. Mwishowe alipendekeza faneli ya silo ivikwe chuma laini kwa ndani, mteremko wake uwe mkali zaidi, na mdomo wa kutolea upanuliwe. Meneja alikubali, nadhani kwa kuchoka tu. Fundi wa jua kali kutoka Kariobangi alizikata karatasi za chuma na kuzichomelea Jumamosi na Jumapili, na tangu Jumatatu ile nyundo haikusikika tena. Nilipopita huko miaka kadhaa baadaye niliikuta ikizuia mlango wa stoo usibamizwe na upepo.

Mwisho wa mwaka huo kulikuwa na karamu, na ngao zikatolewa. Walipewa wauzaji waliovuka lengo, na akapewa dereva aliyemaliza mwaka bila ajali, ambaye kwa hakika alistahili. Hakuna aliyemtaja binti yule wala fundi wake. Sidhani kulikuwa na nia mbaya. Wahenga walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini katika utafiti wa unga methali hiyo haifui dafu, kwa sababu kazi ikiwa nzuri matokeo yake ni jambo fulani kutotokea: silo haikukwama, tembe haikumeguka, pakiti haikupunjwa. Mtafiti aliyelizuia jambo hilo hana cha kuonyesha ila ukimya, na anayetaka kumtunuku hana budi kumtafuta.

Nasema utafiti wa unga kwa kukosa neno pana zaidi. Kwa Mkenya, unga ni wa sima, basi. Ninachokusudia ni kila kitu kilichosagika: unga wenyewe, saruji, sukari, maziwa ya unga, dawa kabla haijabanwa kuwa tembe, magadi yanayochimbwa Kajiado, pareto iliyosagwa, hata chai. Wanaokunywa chai kila asubuhi huenda hawajui kwamba viwanda vyetu huipanga kwa ukubwa wa chembe, na kwamba BP1, PF1 na madaraja ya vumbi hupata bei tofauti kwenye mnada wa Mombasa. Vitu hivi vyote vina tabia za ajabu, ambazo si za maji wala za jiwe, na wanaozichunguza wametawanyika: mmoja yuko famasia, mwingine kilimo, mwingine madini, mwingine ujenzi. Kila mmoja akibahatika kutambuliwa hutambuliwa kwa jina la idara yake, na sayansi inayowaunganisha hubaki bila mwenyewe.

Hata hivyo, mtu yeyote anayenunua kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka na unga, anaijua sayansi hiyo. Kuna muuzaji anayemimina unga kopo likajaa, akapitisha kiganja juu yake, akakufungia. Na kuna yule ambaye, ukimbana kidogo, huligonga kopo mezani mara kadhaa, unga ukashuka vidole viwili, akaongeza. Gawanya uzito wa kopo la pili kwa uzito wa kopo la kwanza, na namba utakayoipata wataalamu huiita uwiano wa Hausner, kwa jina la Henry Hausner aliyeandika kuuhusu mwaka 1967 alipokuwa akichunguza unga wa metali. Namba hiyo ikikaribia 1, unga hutiririka vizuri, ikipita 1.4, tayarisha nyundo. Nakipenda kipimo hiki kuliko vingine vyote, kwa sababu hakidai umeme wala mashine ya kuagizwa ng'ambo, na kwa sababu kinanifundisha kwamba mteja anayesema "gonga kidogo" anadai haki yake kisayansi.

Waliotangulia katika fani hii walianza na maswali ya namna hiyo hiyo. Mhandisi Mjerumani H. A. Janssen alionyesha mwaka 1895 kwamba nafaka ndani ya silo haisukumi chini kama maji. Ukiongeza maji kwenye tangi, shinikizo la chini linaongezeka bila kukoma. Ukiongeza nafaka, linafika mahali linasimama, kwa sababu msuguano huzifanya kuta zibebe sehemu kubwa ya mzigo. Mjenzi asiyelijua hilo huimarisha sakafu na kuzipuuza kuta. Kisha akaja Andrew Jenike, mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, ambaye taarifa yake ya mwaka 1964 iliwapa wahandisi njia ya kupima jinsi unga unavyoshikana wenyewe kwa wenyewe na unavyosuguana na ukuta, kisha kukokotoa mteremko wa faneli na upana wa mdomo kabla bati halijakatwa. Binti yetu, na kipimapembe chake, alikuwa akiifuata njia hiyo. Mwaka 1973 Derek Geldart wa Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, aliupanga unga wa kila aina katika makundi manne, A, B, C na D, kwa kutazama unavyofanya unapopulizwa hewa kutoka chini. Unga wa ngano na saruji huangukia kundi C, kundi la wakaidi.

Watu hao wametunukiwa kwa namna ambayo naiona bora kuliko medali, kwa kuwa majina yao yamegeuka kuwa vipimo na kila mwanafunzi analazimika kuyatamka. Zaidi ya hapo, Wajapani wana Wakfu wa Hosokawa unaotoa tuzo kwa watafiti wa fani hii hii, na chama cha wahandisi wa kemia cha Marekani kina jukwaa la chembechembe lenye tuzo zake. Hapa kwetu kila Desemba 12, Sikukuu ya Jamhuri, hutangazwa orodha ndefu ya nishani za taifa. Nimeisoma kwa miaka mingi na sijakumbuka kuona mtu aliyeandikwa humo kwa sababu ya unga.

Huenda msomaji akaniona ninakuza jambo dogo, nami nitamjibu kwa pakiti ya kilo 2 iliyo jikoni kwake. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, uongezwe vitamini na madini kama chuma na zinki. Kuongeza ni rahisi, kazi iko katika kusambaza. Kinachotiwa kwa gunia zima la kilo 90 ni kiasi kinachoenea kiganjani, na kila pakiti lazima ipate fungu lake, kwa maana mtoto wa Kawangware hali wastani wa gunia, anakula pakiti aliyonunuliwa. Chembe za ukubwa na uzito tofauti zikitikiswa pamoja hujitenga, ndogo zikipenya chini kati ya kubwa, na ndilo jambo ambalo mama mwenye ungo hulitumia kutenga chenga. Lakini hapa pana utamu ambao watu wa nje ya fani huukosa: unga mlaini unaoshikana hujitenga kidogo kuliko chembe zinazotiririka. Yaani ukaidi ule ule unaotukwamishia silo ndio unaoishikilia vitamini mahali pake. Ukiulainisha unga kupita kiasi ili ushuke vizuri, unaweza kuvuruga mchanganyiko. Mtafiti anayepata kiwango cha kati, kwa mahindi yetu na unyevu wetu, amefanya kazi inayofika katika mamilioni ya sufuria, na hakuna atakayemwona.

Tena kuna hatari. Vumbi la unga likitanda hewani kwa wingi ndani ya jengo huhitaji cheche moja tu. Mei 2, 1878, kinu kikubwa cha Washburn mjini Minneapolis, Marekani, kililipuka na watu 18 wakapoteza maisha. Mwaka 2008 kiwanda cha Imperial Sugar katika jimbo la Georgia kililipuka kwa vumbi la sukari na kuua watu 14. Majanga hayo yana tarehe na makumbusho. Viwanda ambavyo havikulipuka kwa sababu mtu fulani alisisitiza vumbi lifagiliwe na mabomba ya kulivuta yapimwe havina tarehe yoyote.

Kwa hiyo, tuzo ya fani hii ikianzishwa, ningeomba isihesabu makala peke yake. Makala zina thamani yake, na bila taarifa ya Jenike tungekuwa bado gizani, lakini mwenye makala 40 kuhusu unga ambao hajawahi kuugusa asimpite mwenye silo moja inayotiririka. Waamuzi watoke ofisini, wapande ngazi za kiwanda, waguse bati, wamuulize mtu wa zamu ya usiku kama siku hizi anapata muda wa kuketi. Fundi aliyechomelea asimame jukwaani pamoja na mtafiti, maana chuma laini kilichounganishwa vibaya kina kingo, na kingo hushika unga kama kibonyeo. Zawadi yenyewe isiwe ngao ya kioo na chakula cha mchana hotelini. Iwe kifaa cha kupimia unga, kile kinachokata tabaka la unga na kusoma nguvu inayohitajika, kiwekwe katika maabara ya umma ambako mwenye kinu cha posho wa Dandora anaweza kupeleka sampuli yake, na jina la mshindi lichongwe juu yake.

Najua wenye viwanda watasita, kwa sababu kumtunuku aliyetibu ni kukiri kwamba uliugua, na hakuna kampuni inayopenda isikike kwamba unga wake ulikuwa unagongwa nyundo. Hilo linatatulika: mtafiti atajwe, kiwanda kisitajwe, kama nilivyofanya mimi hapa. Gharama nazo si hoja nzito mbele ya wasagaji, watengenezaji saruji na wa dawa wakichanga pamoja, maana saa moja ya mtambo kusimama huwaumiza wote.

Kabla ya kuondoka kwenye kile kiwanda niliitafuta ripoti ya yule binti. Niliipata katika kabati la idara, ndani ya faili la ankara za vilainishi, ikiwa na michoro yake ya penseli na majedwali ya pembe za asubuhi, mchana na usiku. Kwenye jalada palikuwa na mhuri wa kampuni na maneno kwamba imetayarishwa na idara ya uhandisi. Nilichukua kalamu, nikaliandika jina lake chini ya mhuri, na chini ya jina lake nikaliandika la fundi, kisha nikairudisha kabatini.