Wakala wa Bima Mbele ya Mbunge: Anamsemea Mteja au Komisheni?

Mswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024 ulikuja na kodi mpya ya magari: asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000 na isiyozidi 100,000, ilipwe pale mwenye gari anapochukua bima. Mkusanyaji hakuwa KRA, mamlaka ya mapato, bali kampuni ya bima. Ilitakiwa kuiwasilisha kodi hiyo ndani ya siku tano za kazi, na ikishindwa kuikusanya iilipe yenyewe, pamoja na adhabu ya nusu ya kiasi hicho. AKI, chama cha kampuni za bima, kiliipinga waziwazi. Tarehe 18 Juni, Kamati ya Fedha ya Bunge la Kitaifa ilitangaza kwamba imeiondoa.

Tangu hapo swali moja limekuwa likirudi kila msimu wa bajeti: je, ni vizuri wauza bima, washauri wa fedha na wasimamizi wa pensheni wajipange kuwashawishi wabunge, kila mmoja katika eneo bunge lake? Wapo wanaosema ni haki yao na ni faida kwetu sote, kwa sababu wao ndio wanaojua sheria itafanya kazi vipi ikifika kaunta. Wapo wanaosema hao ni wafanyabiashara waliovaa joho la utetezi wa raia. Kila upande una ushahidi. Ninachokitazama mimi ni mfuko: mfuko wa wakala na mfuko wa mteja vinaelekea upande mmoja, au vimepeana mgongo?

Katika kodi ya magari vilielekea upande mmoja, na hapo ujuzi wa watu wa bima ulikuwa na thamani kubwa. Chukua gari la shilingi 800,000. Asilimia 2.5 ni shilingi 20,000. Mwenye bima kubwa, inayolipia hata gari lake mwenyewe, angeona ada yake imepanda kwa kishindo, lakini aliyeumia zaidi angekuwa mwenye thadi pati, bima inayomlipia mtu mwingine aliyeumizwa na gari, ambaye hulipa ada ndogo tu ili atimize sheria. Kwake kodi ingeizidi ada yenyewe. Kuna jambo jingine ambalo halionekani ukiwa Hazina ya Taifa: bima ya thadi pati haihitaji thamani ya gari. Kampuni haiulizi gari lina thamani gani kwa sababu hailipi gari hilo, inalipa aliyegongwa. Mswada ulitaka thamani ikadiriwe kwa aina, modeli, ukubwa wa injini na mwaka wa kutengenezwa. Kwa hiyo wakala angelazimika kubishana na mteja juu ya thamani ya gari ambalo hajawahi kulikagua, huku adhabu ya kukosea ikiikalia kampuni.

Matatu nazo nyingi hukata bima ya mwezi mmoja mmoja, maana mwenye gari hana fedha za mwaka mzima mkononi. Kodi inayolipwa "wakati wa kutolewa bima" ingetozwa mara ngapi kwa mwaka? Swali kama hilo haliulizwi na mchumi, bali na anayetoa stika. Na athari yake si ya wenye magari peke yao. Bima ya thadi pati ni ya lazima chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, na humlinda aliyejeruhiwa au familia ya aliyefariki hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Ada ikipanda ghafla, baadhi ya madereva wataacha kulipa au watanunua stika bandia. Atakayebaki bila fidia ni mpita njia.

Hata hivyo, tusiwape sifa isiyo yao. Siku ile ile ya 18 Juni vijana walikuwa tayari wako barabarani Nairobi. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, na tarehe 26 Rais Ruto akakataa kutia saini mswada mzima. Kusema kifungu cha magari kilianguka kwa nguvu ya waraka wa watu wa bima, yaani maoni yao ya maandishi kwa Bunge, ni kutia chumvi. La haki ni kusema kwamba waraka uliwapa wabunge sababu za kitaalamu za kufanya jambo ambalo barabara ilikuwa inawasukuma kulifanya. Hiyo si kazi ndogo, lakini si ushindi wa chama kimoja.

Kesi ya pensheni ni ngumu zaidi. Desemba 2024, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ilipandisha mchango wa pensheni usiotozwa kodi kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Watu wa sekta hiyo waliutetea uamuzi huu kwa hoja nzito: kiwango cha zamani kilikuwa kimekaa miaka mingi huku shilingi ikipungua nguvu, na Wakenya wanaostaafu na akiba ya kutosha ni wachache. Kweli tupu. Lakini piga hesabu. Kinachosamehewa kodi ni kile kilicho kidogo kati ya vitu vitatu: mchango wenyewe, asilimia 30 ya mshahara, au hicho kikomo. Mwenye mshahara wa 50,000, asilimia 30 yake ni 15,000. Kikomo cha 20,000 hakikuwahi kumgusa, na cha 30,000 hakimwongezei senti. Aliye katika daraja la kodi la asilimia 30, na ambaye anaweza kuweka 30,000 kila mwezi, anaokoa shilingi 3,000 zaidi kwa mwezi. Msimamizi wa mfuko naye hulipwa kwa asilimia ya mali anayoisimamia, kwa hiyo kila mchango mkubwa unamnenepeshea ada. Hoja ya akiba ya uzeeni haikuwa uongo. Ilikuwa nusu ya habari, na nusu ya pili haikuwa na mtu wa kuisema mezani.

Sasa tuvuke bahari, maana huko ndiko shughuli hii ilikomaa. Chama cha NAIFA cha Marekani, kilichoanzishwa Boston mwaka 1890 kikiwa cha wauza bima ya maisha, kimejenga mtandao wa wanachama nchi nzima. Mbinu ya vyama vya namna hiyo haina siri: tafuta mwanachama anayeishi jimboni kwa mbunge, ikiwezekana aliyesoma naye au anayesali naye, mfundishe hoja mbili tatu, mpeleke Washington mara moja kwa mwaka, kisha umtumie ujumbe mswada unapokaribia kupigiwa kura. Kando yake kuna mfuko wa kisiasa unaochangiwa na wanachama, ambao kisheria unaweza kumpa mgombea hadi dola 5,000 kwa kila uchaguzi.

Mtandao huo ulipimwa na kanuni ya Wizara ya Kazi ya mwaka 2016, iliyotaka anayemshauri mtu kuhusu akiba ya kustaafu atangulize maslahi ya mteja. Washauri wa uchumi wa Ikulu ya Marekani walikuwa wamekadiria, Februari 2015, kwamba ushauri wenye mgongano wa maslahi unawagharimu wenye akiba takriban dola bilioni 17 kwa mwaka. NAIFA ilisema kanuni ingewafukuza washauri kwa wateja wadogo, kwa sababu bila komisheni hakuna atakayemhudumia mtu mwenye akiba ndogo. Ikaenda mahakamani pamoja na matawi yake ya Texas na vyama vingine, na Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano ikaifuta kanuni. Serikali ilijaribu tena mwaka 2024. Julai mwaka huo huo majaji wawili wa Texas wakaisimamisha.

Hapa mfuko wa wakala na wa mteja vilipeana mgongo, na bado hoja ya NAIFA haiwezi kutupwa hivi hivi. Uingereza ilipiga marufuku komisheni kwenye ushauri wa uwekezaji kuanzia mwisho wa 2012, na miaka michache baadaye serikali yenyewe iliagiza uchunguzi kuhusu watu wa kipato cha kawaida waliokuwa wanakosa ushauri. Hofu ya kwamba mteja mdogo ataachwa ina msingi. Lakini mteja huyo mdogo hakuwa Washington. Alisemewa na mtu ambaye angepoteza komisheni, na jibu lililopendekezwa likawa lile lile linalohifadhi komisheni. Ningeuamini zaidi utetezi huo kama ungekuja na njia mbadala ya kumhudumia: ada ndogo ya saa, au kikomo cha komisheni kwa bidhaa zenye faini kubwa ya kujitoa mapema.

Wamarekani wana sheria ya 1995 inayowataka washawishi wa kulipwa wajisajili na kutangaza matumizi. Haigusi ushawishi wa mashinani. Januari 2007 Seneti iliondoa kipengele kilichotaka fedha za kuwahamasisha raia nazo zitangazwe, kwa kura 55 dhidi ya 43. Walioondoa walikuwa na hoja: ukimtaka kila chama kidogo kijaze fomu kabla ya kuwaambia wanachama wake wapige simu, unaweza kuitia hofu haki ya raia kumwandikia mbunge wake. Kenya haina hata rejista hiyo ya washawishi, na Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ya 2013 haijawahi kutumika kikamilifu katika uchaguzi mkuu. Hivyo mchangishano wa mawakala kumsaidia mgombea unaweza kupita bila mpiga kura kujua. Kwa maoni yangu hilo ndilo shimo kubwa zaidi, kubwa kuliko nyaraka zote.

Nyaraka zenyewe zina namna yake, na nyingi huanguka kwa makosa yanayozuilika. Mswada wa Fedha hufika Bungeni kufikia 30 Aprili na unapaswa kupitishwa kufikia 30 Juni. Katikati yake kamati hutangaza magazetini na kwenye tovuti ya Bunge kwamba inapokea maoni, na dirisha hilo ni la siku chache. Waraka unaelekezwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa. Unaofanya kazi hutaja namba ya kifungu, huandika maneno mapya yanayopendekezwa, kisha hutoa sababu yenye hesabu. Ripoti ya kamati hupangwa kifungu kwa kifungu, kwa hiyo malalamiko ya jumla kwamba "kodi ni nyingi" hayapati pa kukaa. Barua 200 zenye maneno yale yale huhesabiwa kuwa barua moja yenye sahihi nyingi. Ni bora mawakala watano wa maeneo bunge matano, kila mmoja akiwa na hesabu za wateja wa kwake: bodaboda wangapi, matatu ngapi, wangapi huchelewa kulipa tayari. Majina na namba za magari ya wateja yasiingie humo. Ni taarifa binafsi na sheria ya ulinzi wa data inazilinda.

Kosa jingine ni kumtafuta mbunge baada ya ripoti kuwekwa mezani. Wakati huo kilichobaki ni marekebisho katika Kamati ya Bunge Zima, na mbunge wa kawaida hana uzito pale uongozi wa chama ukishaamua. Wakati mzuri ni kabla ya mswada kuchapishwa, Hazina inapokusanya mapendekezo ya bajeti. Na hapo ndipo wenye ofisi na mawakili huingia kwa urahisi, huku mwenye bodaboda hajui hata kwamba mlango uko wazi.

Mwaka 2019, katika kesi ya British American Tobacco, Mahakama ya Juu ya Kenya iliweka vigezo vya ushirikishi wa umma, na kimojawapo ni kwamba umma kwa jumla upate nafasi ya ushawishi ulio na uwiano. Kigezo hicho kinawauma watu wa bima pia. Kampuni ya bima ya Resolution iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2022, na ile ya Invesco mwaka 2024. Mfuko wa kuwafidia wateja wa kampuni zilizoanguka umekuwa na kikomo cha shilingi 250,000 kwa mdai, ilhali hukumu ya ajali inaweza kufika mamilioni. Anayedai kumsemea mteja ana mada pale, kubwa kuliko kodi. Chama kinachotaka kuaminika kingeandika waraka wa kupandisha kikomo hicho hata kama gharama itaangukia wanachama wake.

Ningependa kila waraka wa watu wa fedha uwe na aya moja ya lazima: pendekezo hili likipita, mapato yetu yatabadilika hivi. Wapo watakaosema aya hiyo itampa mbunge kisingizio cha kutupa hoja nzuri. Inawezekana. Lakini mbunge tayari anashuku, na shaka isiyo na takwimu ni mbaya kuliko takwimu. Katika kodi ya magari aya hiyo ingekuwa fupi: tutapoteza wateja watakaoacha bima, na tutabeba gharama ya kukusanya kodi. Katika pensheni ingebidi iseme kwamba ada za wasimamizi zitaongezeka, na kwamba mwenye mshahara wa 50,000 hapati kitu. Mjumbe wa kamati aliye na sentensi hiyo mbele yake angeweza kuuliza pale pale kwa nini msamaha usianzie chini, kwa mfano kwa kuwaongezea wenye mishahara midogo ile asilimia 30, na msimamizi wa pensheni angelazimika kujibu huku jibu lake likiandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.