Nguo ya Mkono Haipigiliwi Msumari

Bogolan, nguo ya pamba ya Mali inayochorwa kwa tope, ikipigiliwa ukutani kwa misumari minne ya pembeni, siku zake zinahesabika. Uzito wote unaning'inia kwenye nyuzi mbili tatu zinazozunguka kila msumari. Nyuzi zinakatika, tundu linapanuka, kutu inaingia kwenye pamba, na katikati nguo inabweteka kama wavu uliojaa. Inauma kuona kazi ya wiki nzima ya mikono ya watu ikiharibiwa kwa misumari ya shilingi chache.

Kabla ya kuuliza nguo itapendeza ukuta gani, uliza imetengenezwaje. Jibu la hapo ndilo litakalokuambia itundikwe vipi. Rangi ya sofa itafuata.

Ipindue bogolan uitazame kwa nyuma. Si kipande kimoja. Ni mikanda myembamba iliyofumwa kwa pamba, kisha ikaunganishwa ubavu kwa ubavu kwa sindano. (Kama huoni mishono hiyo, yaelekea umeuziwa chapa ya kiwandani.) Ukiitundika mikanda ikiwa imelala, kila mshono unabeba uzito wa mikanda yote iliyo chini yake, na wa juu ndio hufumuka kwanza. Itundike mikanda ikiwa imesimama, ili uzito ubebwe na nyuzi ndefu za mfumo wenyewe. Michoro ikikulazimisha kuilaza, shonea kwanza shuka nyepesi nyuma yake, ibebe mzigo. Nyeusi yake ni tope lenye chuma lililokutana na maji ya majani, na chuma hicho hula pamba taratibu. Ndiyo maana sehemu nyeusi huchanika kabla ya zile nyeupe, na ndiyo maana usiikunje mara zote kwenye mstari uleule.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kitambaa cha marekani, ukifue kwa maji ya moto mara mbili ili wanga utoke na kijikunje kabisa. Kwa nguo yenye upana wa sentimita 120, kata mkanda wa sentimita 120 kwa 24. Kunja pindo la sentimita 2 kila ncha, mkanda ubaki 116. Ukunje kwa urefu, ushone kwa cherehani ukiacha sentimita 1 ya mshono, upate mfuko bapa wa sentimita 11. Ulaze nyuma ya nguo, sentimita 2 chini ya ukingo wa juu, mshono wake ukielekea kwenye nguo. Cherehani iishie hapo. Mfuko unashonwa kwenye nguo kwa mkono, kwa uzi wa pamba, mshono mmoja kila sentimita 1, sindano ikipita kati ya nyuzi bila kuzitoboa.

Wengi hukosea kwenye ukingo wa chini wa mfuko. Wakiushona ukiwa umebana, fimbo ikiingia inasukuma nguo mbele na kuacha nundu inayokatiza mchoro wote. Kabla ya kushona ukingo huo, upandishe juu kama sentimita 1, upande wa nyuma ulegee. Unene wa fimbo utapata nafasi huko nyuma.

Fimbo iwe na unene wa sentimita 2.5 na urefu sawa na upana wa nguo. Itatokeza sentimita 2 kila upande wa mfuko, na hapo ndipo kulabu zitakapoishika. Mti mtupu hutoa utomvu unaoacha doa la kahawia, kwa hiyo upake vanishi mara mbili na uuache wiki nzima ukauke. Bomba la alumini la pazia halina shida hiyo. Nguo ikizidi sentimita 150, gawa mfuko vipande viwili na uache pengo katikati kwa kulabu ya tatu, la sivyo fimbo itapinda.

Kulabu zitokeze ili nguo ikae sentimita 2 au 3 mbali na ukuta. Kwetu Pwani hili halina mjadala. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji wakati wa masika, na nguo iliyoulalia huota koga nyuma mahali usipoona. Chagua ukuta wa ndani, usiotazamana na dirisha la jua.

Lubugo ya Uganda ni habari nyingine kabisa. Haikufumwa. Ni gome la mutuba, mti wa jamii ya mitini, lililogongwa kwa nyundo za mti hadi likatanuka. UNESCO iliutangaza ufundi huo urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Kwa kuwa haina nyuzi zilizofumwa, mishono iliyobanana huikata kama karatasi. Usiining'inize kwa mfuko. Chukua bomba nene la plastiki, la sentimita 7 hivi, livishe marekani, kisha rusha robo ya lubugo juu yake iangukie nyuma. Wala usiiloweshe kuifua.

Vile vitambaa vya Wakuba wa Kasai, Congo, vingi vina kama nusu mita tu kila upande, kwa sababu urefu wa jani la mwale, mti wa jamii ya mitende, ndio unaoamua urefu wa uzi. Wanaume hufuma, wanawake hutarizi, na nyuzi zilizokatwa husimama kama mahameli. Hukatika pale vinapokunjwa. Tengeneza fremu ya mbao iliyozidi kitambaa sentimita 5 kila upande, iwambe marekani, ushonee kitambaa juu yake. Kioo kisigusane nacho. Penye joto na unyevu, ni afadhali kuacha kioo kabisa.

Na ukuta mmoja unatosha kwa nguo moja. Bogolan, mkeka wa ukili na picha ya Tingatinga vikibanana pamoja, sebule inageuka duka la vinyago. Tingatinga hasa, kwa ile rangi ya mafuta inayong'aa, inataka ukuta wake peke yake, na mwanga utokee ubavuni.

Shusha nguo kila baada ya miezi mitatu au minne, uivingirishe bila kuikunja, utundike nyingine. Ukikuta unga laini chini yake au vitundu vipya, usikimbilie dawa ya kupuliza. Itie kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, funga kwa utepe wa gundi, uiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko hadi kesho yake, ili umande utue nje ya nailoni usiilowanishe nguo.