Shangazi Ndani ya Marshall

Mpiga gitaa la umeme aliyevaa hedifoni hana heshima mbele ya watu walio naye nyumbani. Yeye anasikia uwanja mzima ukitetemeka, wenzake wanasikia nyuzi zikilia tiki-tiki na pumzi zake. Shangazi yangu alishazoea kunikuta hivyo: macho nimeyafumba, mdomo nimeupinda, kichwa kinakwenda mbele na nyuma, na kelele yenyewe haimzidi panya anayeguguna kabati.

Jioni hiyo nilikuwa natafuta sauti ya mpiga gitaa Jimi Hendrix. Si ufundi wake, maana vidole vyangu vilishanikatalia zamani, sauti tu. Programu za kuiga amplifaya hukuwekea kila kitu kwenye kioo cha kompyuta: Fuzz Face, ile pedali ya mviringo ya kukwaruza sauti, iliyoanza kuuzwa London mwaka 1966, amplifaya ya Marshall ya wati 100, kabati lenye spika nne za inchi 12, hata maikrofoni ya mbele ya spika unaisogeza kwa kipanya, kidole kushoto, kidole kulia. Yote hayo ndani ya kompyuta mpakato, na hakuna mgongo unaoumia kwa kubeba.

Sasa, Marshall zile za kale hazikuwa na nobu ya geini, yaani ya kuongeza mkwaruzo peke yake. Kwa kazi hiyo ulikuwa na nobu ya sauti, basi. Ukitaka ikwaruze, unaifungulia mpaka valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, zielemewe, na majirani nao waelemewe. Jim Marshall, mpiga ngoma aliyekuwa na duka la ala huko London, alianza kuziunda mwaka 1962 kwa kufuata mchoro wa Bassman, amplifaya ya kampuni ya Fender. Wati 100 zilikuja baadaye, baada ya wateja kama Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who, kulalamika kwamba hawasikiki vya kutosha. Kwa hiyo ule mkwaruzo tunaouabudu ni mtoto wa kelele. Rudi usikilize rekodi za enzi hizo kwa makini, utashangaa gitaa lilivyo safi kuliko ulivyokuwa unalikumbuka.

Haya yote nayajua, na huwa nawaeleza watu hata wasiponiuliza. Lakini ndani ya hedifoni, kwa sauti ya chini, gitaa safi husikika limekonda, na mkono unakwenda wenyewe kwenye geini. Nikaongeza. Fuzz nikaifungua yote. Kabla ya Marshall nikaweka pedali nyingine ya kuisukuma, na mwisho kabisa mwangwi wa tepu, kila noti irudi ikififia. Mvumo ukazidi, nikauwekea geti: nyuzi zikinyamaza linafunga, zikitikisika linafunguka.

Kuna jambo moja kuhusu gitaa langu. Chini ya nyuzi kuna pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mno, maelfu ya mizunguko. Waya huo ukilegea hutikiswa na sauti yoyote iliyo karibu, na pikapu inageuka maikrofoni. Ndiyo maana pikapu nyingi huchovywa kwenye nta. Mpiga gitaa Eddie Van Halen aliichovya yake mwenyewe ili isimpigie miluzi. Za kwangu, nadhani nta waliisimulia tu.

Nikabonyeza kurekodi. Nikapiga, nikapiga, nikafika pale pa kunyamaza kabla ya solo. Geti likafunga. Kimya. Macho nimefumba, mkono uko juu, unangoja kushuka.

Shangazi alikuwa ananiita muda mrefu kutoka ukumbini. Akaingia, akaukuta mgongo. Akainama juu ya bega langu, mdomo umelielekea gitaa, akatoa ile sauti yake ya kuitia watu walio ng'ambo ya kiwanja:

"Wewe! Nimekuita mpaka koo limekauka!"

Geti likamfungulia. Akapita kwenye Fuzz Face, akapita kwenye pedali ya kusukuma, akaingia Marshall ya wati 100, akatokea kwenye spika nne na kunitua katikati ya ubongo: jitu la kale, lina hasira, na linaongea Kiswahili. Kisha mwangwi ukaanza. *Limekauka... kauka... kauka...*

Niliruka. Hedifoni zikaenda sakafuni, gitaa likaanguka kitandani na nyuzi zake zote zikilia. Shangazi kuniona nimeruka, naye akaruka.

"Umeona nini?"

"Naam, Shangazi," nikajibu, jibu ambalo halikuwa na swali lake.

Akaliokota gitaa, akaliweka mbele ya uso. "Ndilo hili linalokufanya kiziwi?"

Pale sakafuni hedifoni zikamrudishia maneno yake kwa sauti ndogo yenye kinyongo. Tukatazamana. Akainama, akaziokota, akazivaa juu ya kitambaa chake cha kichwa. Akalisogeza gitaa mdomoni polepole.

"Haloo?"

Uso wake ukabadilika. Akajikohoza, akajisikiliza. Akalitaja jina langu, kisha lake, kisha la mtu mmoja ambaye wana ugomvi, na hilo akalirudia. Nilipomkumbusha kwamba alikuwa ananiita, akanionyesha mkono ningoje.

Rekodi ilikuwa bado inakwenda. Nikamtumia mwenzangu anayepiga besi, nikimwomba maoni kuhusu sauti ya gitaa. Akajibu kwamba gitaa limejaa tope, nusu ya ile geini ingetosha, ila huyo mwimbaji ni nani na ana nafasi lini?

Uzuri wa programu hizi ni kwamba kinachohifadhiwa ni gitaa tupu, amplifaya unaibadilisha hata kesho yake. Nikaikata geini nusu, fuzz nikaizima. Gitaa likasimama, kila uzi unaujua, kwa mara ya kwanza likamkaribia yule niliyekuwa namtafuta. Na Shangazi akatoweka. Bila ule msukumo, sauti yake ilikuwa ndogo mno kusikika. Mwenzangu akagoma. Alitaka tope lake lirudi, na mama wa watu ndani yake.

Nikalirudisha. Siku nyingine nikamwita Shangazi asikilize. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, paji la uso amelikunja, akasikiliza mpaka mwisho, akavua hedifoni.

"Hapo kwenye haloo," akasema, "hilo gitaa lipunguze. Linanifunika."