Pimeni pumzi kabla ya urefu

Jumamosi nilikuwa nimesimama kando ya gati, nikitazama vijana wakijiandikisha kujifunza kupiga makasia. Kocha alikuwa na tepu. Binti wa miaka 15 akasimamishwa ukutani, visigino vimebana, akaambiwa anyooshe mikono kulia na kushoto. Kocha akasoma namba, akaandika, kisha akamwambia bila kumtazama usoni: "Huu si mwili wa makasia, mwanangu. Jaribu mchezo mwingine." Dakika mbili hazikufika.

Leo ni siku ya nne na bado nina hasira.

Haya, urefu unasaidia. Nalisema hili kwa shingo upande lakini nalisema. Mwenye mikono na miguu mirefu analitia kasia majini mbali zaidi na analitoa mbali zaidi, kwa hiyo kila pigo lake linaisukuma mashua kwa muda mrefu kidogo kuliko la mfupi. Ndiyo maana fainali za Olimpiki zimejaa wanaume wa mita 1.90 na zaidi na wanawake waliovuka 1.80. Mahé Drysdale wa New Zealand, aliyechukua dhahabu ya mashua ya mtu mmoja mwaka 2012 na tena 2016, anakaribia mita 2. Sibishani na tepu. Nabishana na mtu anayeipa tepu neno la kwanza na la mwisho.

Tazama mbio zenyewe zinataka nini. Mita 2,000. Mapigo ya kasia zaidi ya 200. Mashua ya watu wanane inamaliza kwa dakika 5 na nusu hivi, mtu mmoja peke yake anakwenda 7 au karibu yake. Muda huo ni mrefu mno kwa mtu mwenye misuli tu, na ni mfupi mno kwa mtu anayetaka kujipumzisha njiani. Asilimia 70 hadi 80 ya nguvu yote inatoka kwenye hewa anayovuta: moyo unaosukuma damu nyingi kila unapodunda, na misuli iliyofundishwa kuitumia oksijeni hiyo ikifika. Hivyo vyote havionekani ukutani, na sehemu kubwa yake hujengwa. Hujengwa kwa saa nyingi za kupiga makasia taratibu, wiki baada ya wiki, kazi isiyo na mtazamaji wala makofi. Unawezaje kujua kama binti ana uvumilivu huo kwa kumpima mabega?

Halafu kuna hili la mikono. Watu wanaona mikono inavuta, wanaamini mchezo ni wa mikono. Nenda ukamtazame mpiga makasia kwa karibu. Viatu vyake vimefungwa ndani ya mashua. Kiti kinateleza kwenye reli, magoti yanakunjika mpaka kifua kinagusa mapaja, mikono imenyooka kabisa. Kasia likizama tu, miguu ndiyo inayosukuma, kwa nguvu kama mtu anayeruka juu, na mikono bado imenyooka vilevile. Mgongo unafuata. Mikono inaingia mwishoni kabisa, kumalizia. Sehemu kubwa ya kazi imefanywa na miguu. Anayeharakisha mikono anaweza kuumia, na kiuno ndicho kinachowatoa wengi kwenye mchezo huu, kikifuatwa na mbavu zinazopata nyufa kwa kuvuta kila siku.

Mashine ya mazoezi, ile ya kuigiza kupiga makasia nchi kavu, nayo imechangia kosa hili la kuhukumu mwili kwa namba. Naipenda, nimeitolea jasho. Najua inavyokuwa mita 500 za mwisho, mdomo una ladha ya chuma, mapaja yanawaka, vidole havitaki tena kushika mpini, na macho yamebaki kwenye namba moja tu. Lakini mashine imekaa sakafuni. Haizami kwa sababu umeikalia na kilo 100. Mashua inazama kidogo, maji yanayoisugua yanaongezeka, na mtu mzito analipa sehemu ya uzito wake. Anayechagua timu kwa namba za mashine peke yake anamsamehe mzito deni ambalo maji hayatamsamehe.

Ushahidi kwamba wepesi wanaweza upo. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, Waayalandi Fintan McCarthy na Paul O'Donovan walivuta mashua ya watu wawili ya uzito mwepesi kwa dakika 6 na sekunde 5.33. Rekodi ya mashua kama hiyo isiyo na kikomo cha uzito, waliyoiweka ndugu wawili wa Kroatia, Sinković, mwaka 2014, ni 5:59.72. Tofauti haifiki sekunde 6, na wale wa uzito mwepesi hawakuruhusiwa kuzidi wastani wa kilo 70.

Na daraja hilo la uzito mwepesi ndilo limefutwa. Liliingia Olimpiki mwaka 1996, likatoka baada ya Paris 2024. London 2012, Sizwe Ndlovu na wenzake watatu wa Afrika Kusini walitwaa dhahabu katika daraja hilohilo, wakitokea nyuma kwenye mita za mwisho. Nimeiangalia fainali ile mara nyingi na bado nasimama. Mlango alioingilia Ndlovu umefungwa, kisha tunamkuta kocha na tepu akifunga hata dirisha.

Najua walioshangilia kufutwa kwa daraja hilo wana hoja. Wanamichezo walikuwa wanajinyima chakula na maji ili wapite kwenye mizani saa moja au mbili kabla ya mbio, na wasichana wengine walikosa hedhi na kudhoofika mifupa. Hilo lilihitaji dawa kali. Ila dawa ilikuwa kusimamia mizani vizuri.

Miili ya watu imeshahukumiwa vibaya kwenye mchezo huu. Mpaka mwaka 1984 wanawake walipangiwa mita 1,000 kwenye Olimpiki, nusu ya wanaume. Leo wanapiga 2,000 na hakuna anayeuliza. Steve Redgrave wa Uingereza aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 1997, na mwaka 2000 akachukua dhahabu yake ya tano katika Olimpiki ya tano mfululizo, akiwa na miaka 38.

Nilimfuata kocha nikamwomba ampe yule binti dakika 20 tu kwenye mashine, tumsikilize anavyopumua. Akasema foleni ni ndefu. Nilipogeuka kumtafuta, binti alikuwa ameshavaa begi lake anaelekea getini. Makasia yalikuwa yameegemezwa ukutani palepale alipopimiwa, na hakuna aliyempa hata moja alishike.